Bei ya Kutofungamana

Katika miezi ya mwanzo ya 1964, mji wa Zanzibar ulikuwa na kitu ambacho hakikuwepo katika mji mwingine wowote wa Afrika: ubalozi kamili wa Ujerumani Mashariki. Mapinduzi yalikuwa yametokea usiku wa kuamkia 12 Januari, na baada ya wiki chache serikali ya Abeid Amani Karume na ile ya Berlin Mashariki zikawa zimetambuana rasmi. Moscow na Beijing nazo hazikukawia. Waliokawia ni Waingereza na Wamarekani, waliositasita mpaka 23 Februari ndipo wakaitambua serikali mpya. Wiki sita zinaweza kuonekana chache, lakini katika Vita Baridi zilitosha. London na Washington zilipomaliza kushauriana, wapinzani wao walikwisha kuingia Unguja, kukaribishwa na kutoa ahadi za nyumba, madaktari, walimu na mafunzo.

Ubalozi huo mmoja uliwakosesha watu usingizi huko Bonn, makao ya serikali ya Ujerumani Magharibi. Tangu 1949 Ujerumani iliyoshindwa vitani ilikuwa imegawanyika kuwa dola mbili, na ile ya Magharibi ilishikilia kwamba yenyewe peke yake ndiyo yenye haki ya kusema kwa niaba ya Wajerumani wote. Mwaka 1955 ikatangaza msimamo uliokuja kuitwa Kanuni ya Hallstein, kwa jina la Walter Hallstein, ofisa wa juu katika wizara yake ya mambo ya nje. Kwa kanuni hiyo, taifa lolote ambalo lingeitambua Ujerumani Mashariki lingehesabiwa kuwa limefanya uadui, na uhusiano ungeweza kuvunjwa. Yugoslavia ilivunjiwa uhusiano 1957, Cuba ikafuata 1963. Guinea ya Sékou Touré ilielekea kubadilishana mabalozi na Berlin Mashariki mwaka 1960, ikabanwa na Bonn, ikarudi nyuma. Nchi changa zenye kiu ya mikopo na wahandisi zilijikuta zikiishi chini ya sheria ambayo hazikuulizwa wakati wa kuitunga, katika ugomvi wa ndugu wawili wa mbali.

Ndipo ukaja Muungano. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar zikawa nchi moja, na suala lililokuwa la Karume likawa mezani kwa Mwalimu Julius Nyerere, rais wa Muungano. Dar es Salaam kulikuwa na ubalozi wa Ujerumani Magharibi, na ng'ambo ya mkondo wa bahari kulikuwa na ubalozi wa Ujerumani Mashariki. Jamhuri moja isingeweza kuwa na sera mbili za nje. Nyerere alitaka balozi zote zilizokuwa Zanzibar zishushwe ngazi ziwe balozi ndogo, kwa kuwa makao ya serikali ya Muungano yalikuwa Dar es Salaam. Kwa mataifa yenye ubalozi bara, hilo lilikuwa jambo la kubadilisha vibao mlangoni. Ujerumani Mashariki haikuwa na pa kushukia: ikiondoka Zanzibar, inapoteza ubalozi wake pekee barani.

Karume naye hakutaka kuwaondoa. Hao ndio waliokuja mapema, wakati wengine wakimtazama kwa shaka, na hao ndio waliokuwa tayari kumjengea nyumba za ghorofa Kikwajuni na Kilimani. Chama chake cha Afro-Shirazi kiliwaahidi watu wa Ng'ambo, waliokaa katika vibanda vya udongo na makuti nje ya Mji Mkongwe, kwamba mapinduzi yatawapa makazi bora. Baadaye, kwa mchoro wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yakaja majumba marefu ya Michenzani, yaliyopangwa kwa umbo la msalaba kwenye makutano ya barabara mbili pana. Mtu anaweza kuyaona mazuri au mabaya, lakini aliyekuwa na haki ya kwanza kuyatolea hukumu ni yule aliyehamia humo akitoka kwenye kibanda kinachovuja.

Bara nako Bonn ilikuwa na mkono wake. Siku nane tu baada ya mapinduzi ya Zanzibar, askari wa kambi ya Colito, nje ya Dar es Salaam, waliasi. Nyerere alilazimika kuwaomba Waingereza, watawala wa juzi, waje kuwazima askari wake mwenyewe. Waliwazima 25 Januari, na aibu ya siku hiyo ilikaa naye miaka mingi. Jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi. Sasa swali likawa nani atalifundisha. Waingereza haikuwezekana tena. Wachina wakapewa sehemu. Ujerumani Magharibi ikakubali kujenga kikosi cha anga na cha ulinzi wa pwani, na wakufunzi wake wakaja na ndege ndogo. Kwa maneno mengine, marubani wa kwanza wa taifa walikuwa mikononi mwa serikali ambayo ilikuwa na ugomvi na sehemu ya pili ya taifa hilohilo.

Mazungumzo yaliendelea karibu mwaka mzima. Katikati ya Februari 1965 Nyerere alipata njia. Ubalozi wa Ujerumani Mashariki Zanzibar ungefungwa, na badala yake nchi hiyo ingeruhusiwa kufungua ubalozi mdogo mkuu Dar es Salaam, bila kutambuliwa kama dola. Misri ilikuwa na mpango wa namna hiyohiyo na Bonn ilikuwa imeuvumilia kwa miaka. Ukiupima kwa maandishi ya Kanuni ya Hallstein yenyewe, Bonn ilikuwa imeshinda: ubalozi pekee wa mpinzani wake Afrika ulikuwa unafungwa. Haikutosheka. Katika siku zilezile Walter Ulbricht, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, alipokewa Cairo kwa heshima zote, na serikali ya Bonn ilikuwa ikishambuliwa nyumbani kwa kuonekana dhaifu. Kuiadhibu Misri kulikuwa na gharama kubwa, kwa sababu nyuma yake walisimama Waarabu wengi. Tanzania ilikuwa ndogo vya kutosha kutolewa mfano. Mwishoni mwa Februari wakufunzi wa kikosi cha anga wakaamriwa kuondoka, na msaada wote wa kijeshi ukasimamishwa.

Mahesabu ya Bonn yalikuwa mepesi kufahamika. Tanzania ilikuwa imeanza mpango wake wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, na sehemu kubwa ya fedha za mpango huo ilitarajiwa kutoka nje. Ikipoteza msaada wa kijeshi, ingeogopa kupoteza na ule wa kiraia, na ingerudi mezani na sauti ya chini. Nyerere akajibu kwa namna ambayo hawakuitarajia: akawaambia wachukue na uliobaki. Misaada ya serikali ya Bonn kwa Tanzania ikakataliwa na Tanzania yenyewe. Uhusiano wa kibalozi haukuvunjwa, na ubalozi wao ulibaki palepale Dar es Salaam. Kilichokataliwa ni kitu kimoja tu, nacho ni haki ya mtoaji kuamua, kwa kutumia mkoba wake, nani awe rafiki wa mpokeaji.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema mpaka leo, kwamba ule ulikuwa ukaidi wa gharama. Nchi iliyokuwa na wahitimu wachache wa chuo kikuu na barabara za lami za kuhesabika haikuwa na nafasi ya kujivuna. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu waliokosa zahanati au mradi wa maji hawakuwa wanadiplomasia. Lakini inasahau upande wa pili wa hesabu. Kama Tanzania ingekubali mara moja kwamba msaada unaweza kuzuiwa ili kubadilisha msimamo wake, kila mfadhili baada ya hapo angejua bei yake. Mwaka uleule kulikuwa na wafadhili wengine waliokuwa wakipima jambo hilohilo.

Wamarekani walikuwa wamekwisha kuonja. Kisiwani Unguja walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya anga za juu, sehemu ya mradi wa Mercury, na Aprili 1964 Karume aliamuru kiondolewe. Novemba mwaka huo waziri wa mambo ya nje, Oscar Kambona, alitangaza kwamba zimepatikana barua zinazoonyesha njama za nchi za Magharibi. Watu waliandamana Dar es Salaam, lakini baadaye ikabainika kuwa barua zile zilikuwa za kughushi. Hali ya hewa ikazidi kuwa mbaya: muda mfupi baada ya tangazo hilo, ndege za Marekani zilishusha makomando wa Ubelgiji Stanleyville, katika Kongo, dhidi ya waasi wa Simba, na Afrika nzima ilikuwa na hasira. Januari 1965 maofisa wawili wa Marekani, Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar na Robert Gordon aliyekuwa Dar es Salaam, walifukuzwa kwa sababu ya mazungumzo ya simu yaliyonaswa na kutafsiriwa kuwa ni ya hujuma. Wamarekani walieleza kwamba walikuwa wakitafuta hoja nzito zaidi za kuwashawishi wakubwa wao. Washington ikamwita nyumbani balozi wake. Carlucci, aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana wa miaka thelathini na minne, alikuja kuwa waziri wa ulinzi wa Marekani chini ya Ronald Reagan.

Katika mkasa huo Tanzania haikuwa na haki yote. Serikali changa, iliyotikiswa na maasi na mapinduzi katika mwezi mmoja, iliona adui hata mahali ambapo hakuwepo.

Kwa Waingereza ilikuwa tofauti kabisa, na hapo msimamo wa Nyerere ulikuwa imara. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru ili kuendeleza utawala wa wachache. Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa wakaazimia kwamba Uingereza isipouzima uasi huo ifikapo 15 Desemba, nchi wanachama zivunje nayo uhusiano. Uingereza haikuuzima. Siku ilipofika, nchi nyingi zilizopiga kura Addis Ababa zilitazama pembeni, na ni chache tu zilizotimiza azimio. Tanzania ilikuwa mojawapo. Mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa karibu kutiwa saini ukafungiwa. Uhusiano haukurejeshwa mpaka 1968.

Kwa hiyo katika miezi kumi na miwili nchi moja maskini ilikuwa imegombana na Marekani, Ujerumani Magharibi na Uingereza, yaani nchi zilizotegemewa kuliko zote kugharimia mpango wake. Haikuwa imehamia upande wa Mashariki pia. Mafunzo ya kikosi cha anga, baada ya Wajerumani kuondoka, yalichukuliwa na Canada, mwanachama wa NATO, ambayo wakufunzi wake walikaa mpaka 1970 wakiwa sambamba na wale wa Kichina. Ukichukua ramani ya Vita Baridi yenye rangi mbili tu, huwezi kuipaka rangi Tanzania ya 1965.

Azimio la Arusha la Februari 1967 kwa kawaida husomwa kama tamko la ujamaa, la kutaifisha mabenki na mashamba. Lakini kurasa zake ndefu kuhusu fedha za kigeni, na hatari ya kuzitegemea kwa maendeleo ya nchi, zilikuwa na bili halisi nyuma yake: marubani waliosimamishwa mafunzo na mkopo wa London ulioyeyuka. Kujitegemea kulianza kama uzoefu kabla hakujawa itikadi.

Uzoefu huohuo ndio uliofungua mlango wa reli. Uasi wa Rhodesia uliiweka Zambia kwenye kona, kwa sababu shaba yake ilipita kwa walowezi kwenda baharini na mafuta yake yaliingia kwa njia hiyohiyo. Malori yalianza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi na matope iliyoua madereva wengi. Nyerere na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia walitaka reli. Benki ya Dunia ilikwisha kuitazama ikasema hailipi, na serikali za Magharibi zikasema vivyo hivyo. China ya Mao, ambayo yenyewe ilikuwa nchi maskini na haikuwa hata na kiti Umoja wa Mataifa, ikasema itaijenga. Waziri Mkuu Zhou Enlai alizuru Dar es Salaam Juni 1965, na mkataba wa serikali tatu ulitiwa saini Beijing Septemba 1967. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, bila riba, wa kulipwa kwa miaka thelathini.

Masharti yake yalikuwepo, ila yalikuwa ya aina nyingine. Gharama za ndani, kama mishahara ya vibarua, zililipwa kwa kuuza bidhaa za China, na ndiyo maana maduka ya Tanzania na Zambia ya miaka ile yalijaa bidhaa kutoka Shanghai na Guangzhou. Ujenzi ulianza 1970. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, reli inapopanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu, ndicho kilichokula nguvu kuliko vingine, kwa mahandaki na madaraja yaliyofuatana milimani. Makumi ya maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi hiyo. Zaidi ya Wachina sitini walikufa, na makaburi yao yako Gongo la Mboto. Reli yote, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa Julai 1976. Wamarekani, ambao hawakuitaka reli, waligharimia sehemu kubwa ya barabara kuu inayokwenda sambamba nayo, na Waitaliano wakalaza bomba la mafuta. Ushindani wa wakubwa, kwa mara moja, ulimwachia msafiri wa Mbeya njia mbili badala ya moja.

Reli hiyo ilikuja kuchoka, na sasa mashindano yamerudi juu ya udongo uleule. Septemba 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia Beijing makubaliano ya kuifufua. Desemba mwaka huohuo Rais Joe Biden alikuwa Lobito, Angola, akiunga mkono njia ya reli inayopeleka madini ya Kongo na Zambia kwenye bahari ya magharibi. Zambia imo katika mipango yote miwili.

Si haki kuisimulia miaka ile kama ushindi mtupu. Huko Visiwani wataalamu wa Ujerumani Mashariki hawakuleta saruji peke yake; walisaidia pia kujenga idara ya usalama, na wapo Wazanzibari waliolala mahabusu wakijua vizuri kilichofundishwa. Wakubwa walipokuwa wakigombea bendera ya nani ipepee Unguja, hakuna aliyewauliza Waunguja na Wapemba, na serikali yao wenyewe nayo haikuwauliza. Bara, kujitegemea kulibaki zaidi kwenye maandishi. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizopokea misaada mingi, ikiwemo ya Ujerumani Magharibi iliyorudi. Kanuni ya Hallstein ilikuwa imekufa kabla ya hapo, pale Kansela Willy Brandt wa Ujerumani Magharibi alipoanza kuzungumza na upande wa pili. Tanzania iliitambua rasmi Ujerumani Mashariki Desemba 1972, na Septemba 1973 Ujerumani zote mbili zikaingia Umoja wa Mataifa kwa pamoja. Jambo lililogharimu mafunzo ya kikosi kizima cha anga likawa limekubaliwa na Bonn yenyewe.

Bili nyingine ilichelewa kufika. Salim Ahmed Salim alikuwa na umri wa miaka 22 alipotumwa Cairo mwaka 1964 kuwa balozi, akitoka katika siasa za vijana wa Zanzibar. Mwaka 1970 akawa mwakilishi wa kudumu wa Tanzania Umoja wa Mataifa. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu lilipiga kura kuirudishia Beijing kiti kilichokuwa kikishikiliwa na Taiwan: 76 ziliunga mkono, 35 zilipinga, 17 hazikufungamana na upande wowote. Tanzania ilikuwa imelipigania jambo hilo kwa miaka, na matokeo yalipotangazwa ujumbe wake ulishangilia waziwazi ukumbini. Aliyekuwa akiiwakilisha Marekani, na akashindwa mbele ya dunia nzima usiku ule, ni George H. W. Bush.

Miaka kumi baadaye Salim, wakati huo waziri wa mambo ya nje na aliyekwisha kuwa rais wa Baraza Kuu, aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa akiungwa mkono na Afrika. Bush alikuwa makamu wa rais. Miongoni mwa sababu zilizotajwa za Washington kumkataa ilikuwa ile shangwe ya 1971, pamoja na msimamo wake juu ya Palestina na kusini mwa Afrika. Katika duru kumi na sita za kura Marekani ilimzuia Salim, na China, ikilipa deni lake, ikamzuia katibu mkuu wa wakati huo, Kurt Waldheim, aliyetaka kipindi cha tatu. Desemba 1981 wote wawili walijiweka kando, na kazi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Salim aliendelea katika serikali ya nyumbani, akawa waziri mkuu 1984, na mwaka 1989 viongozi wa Afrika wakamchagua kuwa katibu mkuu wa umoja wao huko Addis Ababa, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na miwili. Katika uchaguzi huo Washington haikuwa na kura.